Jawabu kwa Mzazi wa Lukuledi katika Khabari ya Seli Zilizolishwa Najisi

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa zake, akawafunulia waja wake katika hizo kadiri atakavyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baadu.

Ndugu zangu Waislamu, waraka huu umeandikwa kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe ni langu. Katika msimu wa korosho uliopita alinijia mtu mmoja wa hapa Lukuledi baada ya sala ya isha. Alingoja hatta watu wakaisha kutoka msikitini, kisha akaketi mbele yangu akaniambia: "Shehe, nina mtoto wa miaka 8, ana ugonjwa wa selimundu. Mifupa humwuma hatta akalia usiku kucha, macho humgeuka manjano, na mara mbili sasa ametiwa damu ya watu. Nimeambiwa ya kuwa Dodoma wako matabibu wanaoweza kumtia chembe za uhai za ndugu yake, akapona. Lakini kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam ameniambia ya kwamba chembe hizo hulelewa kwa damu ya ndama na kwa matumbo ya nguruwe. Nawe Shehe ndiwe uliyenisomesha. Je, nimtie mwanangu nguruwe ili aishi?"

Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu pale pale. Nilimwambia ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuuwekea umma huu dawa katika kile alichouharamishia, basi na asubiri, kwani subira ina malipo. Akanibusu mkono, akaondoka bila ya neno.

Nilipolala ndipo liliponijia neno tulilofunzwa na walimu wetu tungali wadogo, ya kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Mimi nilikuwa nimeshika tawi lisilokuwa na mti. Sikujua chembe hizo ni nini, wala nguruwe aingia wapi, wala ndama huyo ni wa namna gani, wala kama yafanywayo Dodoma ndiyo hayo aliyoyasikia yule kijana. Nilikuwa na hadithi moja tu, nami niliitupa kama mtu atupaye jiwe gizani. Hadithi ni ya kweli. Walakini wanavyuoni wetu wameieleza, na maelezo yao nayajua na nimeyasomesha, na saa ile yalinitoka.

Basi nikatafuta kujua. Yuko mwanafunzi wangu wa zamani aliyesoma kwangu Safina na sehemu ya Minhaji, kisha akajifunza kazi ya maabara, na leo yuko katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Nimemwuliza kwa muda wa miezi, naye hakuchoka. Niliyoyafahamu ndiyo haya.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli. Nyingi katika hizo kila moja ina kazi yake na haina nyingine: ya damu ni ya damu, ya ini ni ya ini. Lakini ziko chache ambazo mfano wake ni shina la mkorosho. Kila mkulima wa Masasi na Newala ajua kwamba mkorosho mzee ukikatwa ukabaki kisiki, huchipuka, na katika machipukizi yale hutoka matawi na majani na maua na matunda. Hizi huitwa seli shina. Zilizomo ndani ya uloto wa mfupa, ambao wengine huuita uboho, huzaa damu yote. Zilizomo katika ngozi huzaa ngozi. Zilizomo pembezoni mwa kioo cha jicho hukirudishia uwazi wake. Na mtaalamu mmoja wa Japani, Shinya Yamanaka, alionyesha mwaka 2006 kwa seli za panya, na mwaka 2007 kwa seli za binadamu, ya kuwa hatta seli ya ngozi iliyokwisha kukomaa yaweza kurudishwa utotoni ikawa shina la karibu kila namna ya kiungo. Kwa hayo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Utukufu ni wa Mwenyezi Mungu aliyeyaweka hayo ndani ya ngozi zetu tangu zamani, nasi twajikuna tu.

Sasa, matibabu kwa seli hizi ni ya namna mbili, na yule kijana alizichanganya, na mimi nikachanganyikiwa pamoja naye.

Namna ya kwanza ni kuhamisha. Hutolewa seli za uloto kwa mtu mzima wa afya, akatiwa mgonjwa mshipani kama atiwavyo damu, baada ya kuuondoa uloto wake mbaya kwa dawa kali. Hospitali ya Muhimbili ilianza kazi ya kupandikiza uloto mwaka 2021, na hospitali ya Dodoma ikaanza mwaka 2023 kuwatibu kwa njia hii watoto wenye selimundu. Hospitali hiyo ya Dodoma yaitwa kwa jina la mtu wa kwetu, marehemu Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, si mbali na hapa, mwaka 1938, akafariki mwaka 2020. Shuruti yake ni kupatikana mtu ambaye seli zake zapatana na za mgonjwa, na aghlabu hutafutwa kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Na kwa kila ndugu wa namna hiyo matumaini ya kupatana ni 1 katika 4. Katika namna hii seli hazioteshwi wala hazilishwi kitu nje ya mwili. Zatoka kwa ndugu zikaingia kwa ndugu. Yule ndama na yule nguruwe wa kijana hawapo katika kuzilea, kwani hazikulelewa.

Walakini sitaki kuficha. Mara nyingi hospitalini, damu isigande, hutumika dawa iitwayo heparini, nayo hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Hutumika kwa wenye maradhi ya moyo, hutumika kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo, na wamo miongoni mwao mahujaji na maimamu. Na huyu mtoto mara mbili ametiwa damu ya watu, na damu katika madhehebu yetu ni najisi, wala baba yake hakuja kuniuliza, wala mimi sikumwita kumwambia. Kwa nini? Kwa sababu tumezoea. Jambo tulilolizoea hatuliulizi, na jambo jipya twaliona lote ni nguruwe. Hiyo si fiqhi. Hiyo ni mazoea yaliyovaa kilemba.

Namna ya pili ni kuotesha, na hapa ndipo penye masala. Huchukuliwa seli chache, zikawekwa katika vyombo vya kioo au vya plastiki, zikalishwa, zikazaana mpaka zikawa mamilioni, kisha mgonjwa akatiwa hizo. Chakula chake cha desturi tangu miaka ya 1950 ni maji ya damu ya ndama. Ng'ombe huchinjwa machinjoni kwa ajili ya nyama, akaonekana ana mimba. Hutolewa yule ndama aliye tumboni, akachomwa sindano moyoni, damu yake ikavutwa, ikaachwa igande, yakakusanywa yale maji yanayojitenga, kwani yana vitu vingi vya kukuza. Na seli zikiisha kujaa chombo hushikamana na sakafu yake, basi ili zibanduke hutiwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho desturi yake ni kutoka katika kongosho la nguruwe. Na baadhi ya seli hazikubali kukua ila zilazwe juu ya tandiko la seli za panya, kama mtoto mgonjwa asiyelala ila mgongoni mwa mama. Hivyo ndivyo walivyofanya Rheinwald na Green huko Marekani mwaka 1975 walipootesha ngozi ya binadamu, na ndivyo alivyofanya James Thomson mwaka 1998 kwa seli za mimba changa.

Wala msidhani haya ni michezo ya vitabuni. Mwaka 2015 mtoto wa kiume wa miaka 7, ambaye wazazi wake walikimbia vita vya Sham wakaenda Ujerumani, alilazwa katika hospitali ya mji wa Bochum. Alizaliwa na ugonjwa ambao ngozi hubanduka kama ganda la kitunguu, na sehemu kubwa ya ngozi yake ilikuwa imekwisha kutoka, hatta matabibu wakaona hana ila kufa. Basi mtaalamu wa Italia, Michele De Luca, akachukua kipande cha ngozi yake iliyosalimika, akazitengeneza seli kasoro yake ya uzazi, akaziotesha juu ya seli za panya, na kiasi cha asilimia 80 ya ngozi ya mtoto yule ikabadilishwa: mikono, miguu, mgongo, mbavu. Khabari yake ilitangazwa mwaka 2017, na mtoto alikuwa amerudi shule. Sasa niambieni, ndugu zangu: mtoto yule akitawadha, maji yapita juu ya nini? Je, ngozi ile ni najisi, na sala yake ni batili maisha yake yote? Swali si la mchezo. Hapa kwetu watoto huanguka katika moto wa mafiga, na mafuta ya ganda la korosho huunguza mikono ya wabanguaji kila msimu. Huenda siku moja ngozi ya namna ile ikafika mpaka Ndanda na Masasi.

Na tuanze na ndama. Mmoja wa wenzangu aliniambia ya kuwa ndama aliye tumboni huhalalika kwa kuchinjwa mama yake, kama ilivyothubutu katika hadithi, basi damu yake ina ubaya gani? Nikamwambia, yaliyothubutu ni katika nyama. Ama damu iliyochuruzika ni haramu kwa nassi ya Kurani, ijapokuwa ni ya mbuzi uliyemchinja wewe mwenyewe ukielekea kibla na kusema Bismillahi. Basi hatuna haja ya kuuliza machinjo yale ni ya nani. Maji ya damu ile ni najisi, yamekwisha. Na nguruwe ni najisi iliyo nzito, hilo hata watoto wa chuoni walijua.

Je, najisi hizo si zimegeuka zikawa kitu kingine? Hapa madhehebu yamekhitalifu. Wenzetu wa Abu Hanifa wamepanua mlango wa kugeuka kwa najisi, na maulamaa na matabibu waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliufuata mpanuko huo, wakasema kitu cha nguruwe kikigeuka umbo lake asili huwa tohara. Sisi Mashafii mlango wetu ni mwembamba: pombe ikigeuka siki yenyewe bila ya kutiwa kitu, na ngozi ya mzoga ikidabighiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe, na machache mfano wa hayo. Mimi simlaumu aliyepita mlango mpana, walakini sipendi mtu aruke kutoka madhehebu hadi madhehebu kama tumbili juu ya miembe, atafute tawi lenye embe bivu. Na kwa kweli sioni haja ya kuruka, kwa sababu madhehebu yetu wenyewe ina jawabu, nayo iko mahali ambapo sikufikiri kuitafuta. Iko katika mlango wa kuku.

Kuku wetu wa vijijini hula alichokikuta, na mara nyingi alichokikuta ni uchafu. Wanavyuoni humwita mnyama alaye najisi jallala. Wamesema ikidhihiri harufu ya najisi katika nyama yake, hukirihika kuliwa. Wako waliosema huharamika, lakini Imamu Nawawi amesahihisha ya kuwa ni karaha tu. Kisha akifungiwa akalishwa kilicho safi hatta nyama ikawa njema, karaha huondoka. Wakataja muda wake kwa makadirio ya ada: siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa mbuzi na kondoo, 3 kwa kuku. Wakaongeza mas-ala ambayo nilipokuwa kijana niliyacheka, nikadhani ni ya kujazia kitabu tu: mwana-mbuzi aliyelelewa kwa maziwa ya mbwa. Wakasema, hukumu yake ni ya jallala. Hawakusema amegeuka mbwa. Hawakusema ni najisi wa dhati. Alibaki mbuzi.

Basi tazameni. Seli ni ya binadamu, na binadamu ni tohara, hai na maiti, katika kauli iliyo na nguvu. Ni kitu hai. Imepewa chakula najisi ikala, ikakua, ikazaa. Ni yule mwana-mbuzi. Ama tripsini, hiyo si chakula chake, imeigusa nje ikaondoka, na seli huoshwa mara kadhaa kabla ya kutiwa mtu. Mtu atasema: najisi ya nguruwe huoshwa mara 7, moja kwa udongo, na hapana atakayeosha seli kwa udongo. Kweli, na hiyo ndiyo kauli mashuhuri ya madhehebu. Lakini Nawawi katika Majmuu ameeleza ya kuwa kwa upande wa dalili iliyo na nguvu ni kuosha nguruwe mara moja bila ya udongo. Mwenye dhiki ana pa kushika.

Na lililonistaajabisha zaidi ni hili. Mwaka 2005 wataalamu wa California walitangaza ya kwamba seli shina za mimba zilizolishwa vitu vya wanyama huichukua sukari moja iliyomo katika miili ya wanyama, isiyotengenezwa na mwili wa binadamu, zikaivaa juu ya ngozi yake. Na damu ya binadamu huitambua sukari hiyo kuwa ni ngeni, ikazishambulia seli. Wakaona pia ya kuwa seli hizo zikihamishiwa katika chakula cha binadamu, ile alama hupungua sana. Hii ni nini kama si harufu ya jallala, na kufungiwa kwake? Mafakihi walinusa nyama. Hawa walitazama kwa vyombo vyao. Njia ni moja.

Ama katika dharura, maneno ya Mashafii yako wazi, nami ndiyo niliyoyasahau usiku ule. Najisi isiyokuwa ulevi mtupu yajuzu kujitibu kwayo, ikiwa hapana cha tohara kisimamacho mahali pake, na akaeleza hivyo tabibu mwadilifu. Na dalili yao ni watu wa Urayna, ambao Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu kunywa mikojo ya ngamia walipougua Madina, na ile hadithi ya kwamba dawa haikuwekwa katika haramu wameichukua kwa mtu ambaye ana njia nyingine. Hatta Minhaji, kitabu tusomacho sote, chasema katika mlango wa sala: aliyeungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa cha tohara, huyo ana udhuru na sala yake ni sahihi, na kama alikuwa na cha tohara akakiacha, yampasa kukiondoa ikiwa hakhofii madhara. Mfupa umeungwa kwa najisi! Nimewasomesha watu maneno haya miaka mingi, na mtoto mwenye mifupa yenye maumivu aliponijia sikuyakumbuka. Basi mtoto wa Bochum sala yake ni sahihi, na ngozi yake ni ngozi yake.

Lakini itazameni tena ile shuruti: kwa kukosa cha tohara. Hapa ndipo jambo linapogeuka mikononi mwetu, kwani cha tohara sasa chapatikana.

Wataalamu wenyewe wameichoka damu ya ndama. Hawakuichoka kwa sababu ya tohara. Wamekhofia maradhi ya wanyama kuhamia kwa watu, khasa tangu mwaka 1996 ilipotangazwa Uingereza ya kuwa ugonjwa wa ng'ombe wazimu umewafikia wanadamu. Wameona kila chupa ya damu ile hutofautiana na nyingine. Wameiona ile sukari ngeni. Na wako waliowahurumia ndama wale. Mwaka 2006 wataalamu wa Wisconsin walitangaza chakula cha seli ambacho kila kilichomo kinajulikana na hakuna cha mnyama ndani yake, na baada yao wengine wamefanya chepesi zaidi. Leo iko albumini, nayo ni sehemu kubwa ya maji ya damu, iliyooteshwa katika mpunga. Iko tripsini iliyooteshwa katika mahindi. Na mfano wa zile kamba ambazo seli hujishika nazo hutengenezwa bila ya panya. Ni njia ile ile iliyopita insulini ya wenye kisukari: zamani ilitolewa katika makongosho ya nguruwe na ng'ombe, na tangu mwaka 1982 huuzwa iliyotengenezwa na vijidudu kwa kufuata mfano wa insulini ya binadamu.

Mmoja akaniuliza: ikiwa ile maandishi ya uzazi iliyotiwa ndani ya kijidudu ilinakiliwa kutoka kwa nguruwe, je, kitokacho si cha nguruwe? Nikamjibu: jina la nguruwe limeandikwa ndani ya Msahafu, na wino wake ni tohara, nawe huugusi ila una udhu. Kunakili khabari ya kitu si kukichukua kitu.

Walakini nawatahadharisha msidanganyike na maneno "bila ya mnyama" yaliyoandikwa juu ya chupa. Mizani yao si mizani yetu. Wao hukataa hatta kilichotoka kwa ng'ombe aliyechinjwa kisharia, ambacho kwetu ni tohara. Na mara nyingi badala ya damu ya ndama hutia kilichokamuliwa katika damu za watu, katika vile vipande vya damu vinavyogandisha jeraha, ambavyo vimepita muda wake katika benki za damu. Mnyama hayumo, kweli, lakini damu imo, na damu ya mtu ni najisi kama ya ndama. Tena yaingia jambo la pili, nalo ni heshima. Mashafii wamekataza kujinufaisha kwa viungo vya binadamu, na sababu yake si unajisi bali ni utukufu aliopewa mwanadamu. Kwa mgonjwa, udhuru ni ule ule. Lakini kwa atengenezaye na anunuaye, chakula kilichotoka katika mpunga na mahindi kina haki ya kutangulizwa kuliko damu ya ndama, na kuliko damu ya masikini iliyofanywa bidhaa.

Ama seli zitolewazo katika mimba, maulamaa wa Rabita waliokutana Makka Desemba 2003 wameruhusu zitolewazo kwa watu wazima, na kwa watoto kwa idhini ya walii, na katika kondo la nyuma na kitovu, na katika mimba iliyotoka yenyewe. Wakaharimisha mimba kuharibiwa makusudi kwa ajili hiyo. Nami sina la kuongeza. Na walioniuliza kama mtu akitiwa seli za mwanamke asiye ndugu yake huwa mahramu wake: la. Undugu wa kunyonya ni wa maziwa, kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, mara 5. Na wale wauzao vidonge wakisema vina seli shina za kurudisha ujana na nguvu za kiume, huo ni wizi wa mchana. Seli hai haikai ndani ya kidonge kikavu, na hapo hapana dharura ila ya mfuko wa muuzaji.

Basi nani aliye na udhuru na nani hana? Maulamaa wa Indonesia wametufunza jambo. Mwaka 2010 waliletewa chanjo 3 za homa ya uti wa mgongo wapewazo mahujaji, wakaruhusu 2 na wakaikataa iliyoguswa na nguruwe, kwani cha tohara kilikuwapo. Mwaka 2018 katika chanjo ya surua na rubela walisema ina cha nguruwe, lakini yajuzu, kwani wakati ule hapakuwa na nyingine na watoto walikuwa khatarini. Hukumu mbili zilizo mbali, na asili yake moja. Udhuru ni wa asiyekuwa na khiyari. Mtoto wa Lukuledi hana khiyari, hatachagua chupa. Wenye khiyari ni serikali zinunuazo, na matajiri wetu wa pwani na wa Ghuba wajengao msikiti wa tatu katika mtaa wenye miwili. Imamu Ghazali katika Ihya amesema utabibu ni faradhi ya kutoshelezana, na akalalamika miji ya Waislamu kukosa matabibu huku kila mtu akikimbilia fiqhi ya khitilafu. Alisema hayo zaidi ya miaka 900 iliyopita, nasi tungali twaja mwisho wa njia waliyoijenga wengine, tukasimama na kuuliza: je, ni halali? Dawa mpya ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, ambayo seli za mgonjwa mwenyewe hutolewa zikarekebishwa akarudishiwa, bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huo. Mwenye kuona haya ya najisi na asione haya ya hesabu hiyo, mimi simwelewi.

Nilipokwisha kuyajua haya nilikwenda mwenyewe mpaka shambani kwa yule mzazi, kwani sikuona vema kumwita. Nilimkuta akiokota korosho, na mtoto amekaa kivulini na blanketi, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Nikamwambia: "Bwana, nilikujibu bila ya elimu. Jambo la Dodoma halina ulivyoambiwa. Na lau lingekuwa nalo, mwanao ana udhuru kwa nassi ya kitabu nilichokusomesha mimi." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Shehe, nilikwisha kuuza magunia kwa ajili ya nauli, nikayarudisha mapesa ulipokataa." Sikuwa na la kumjibu. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya sala nikayarudia maneno yangu mbele ya watu, wajue kwamba fatwa ya kwanza imefutwa, kwani ilikuwa imekwisha kuenea mpaka Chiungutwa.

Mtoto ana ndugu 3 wa baba na mama. Wamekwenda kupimwa, na majibu twayangoja.

Wallahu aalam.